"Kubali" bila "Kataa" si ridhaa: barua ya wazi kutoka Nyegezi

Kwa: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi
Nakala: Mamlaka ya Serikali Mtandao, na wenye tovuti wote wanaowahudumia watu wa kanda ya ziwa

YAH: VIDAKUZI NA KITUFE CHA KUKATAA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Nina steshenari huku Nyegezi, Mwanza. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, na nina kompyuta chache za kukodisha kwa wanaotaka kuomba kazi, kuomba TIN, kujaza fomu za chuo au kuangalia matokeo. Kazi hii inanionyesha jambo ambalo mtu mwenye laptop yake, aliyejifungia chumbani kwake, halioni kirahisi: tovuti nyingi zinamuuliza mgeni swali lenye jibu moja tu.

Mnakijua kidirisha chenyewe. Kinachomoza kutoka chini, kinafunika nusu ya skrini ya simu ndogo, kinasema tovuti inatumia vidakuzi, yaani cookies, ili kukuhudumia vizuri zaidi. Mara nyingi kinayasema hayo kwa Kiingereza. Pana kitufe kikubwa cha rangi cha kukubali, na pengine, chini kabisa, maneno ya kijivu yanayokupeleka kwenye ukurasa mrefu wa sera. Kitufe cha kukataa hakipo. Mteja wangu amekuja kwa jambo lake na muda wa kompyuta unahesabika, kwa hiyo atabonyeza. Hata pangeandikwa kwamba anakubali kuuza ng'ombe wa baba yake, angebonyeza.

Ombi langu nalitanguliza, msije mkachoka kabla ya kulifikia. Naomba Tume itoe mwongozo wa vidakuzi wenye meno, unaosema kwamba kukataa kuwe rahisi sawasawa na kukubali, kwenye kidirisha kilekile, kwa mbonyezo mmoja, kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida. Na kwamba kabla mgeni hajajibu, kisiwekwe kwenye simu yake kitu chochote zaidi ya kile ambacho bila hicho tovuti haifanyi kazi.

Niwe wa haki kwa kidakuzi chenyewe, maana kimesingiziwa mengi. Si kirusi, hakisomi picha zako wala meseji zako. Kilibuniwa mwaka 1994 na mtaalamu wa programu Lou Montulli, akiwa kampuni ya Netscape ya Marekani, kutatua shida ya kweli: seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti na kukutumia kurasa zake, haina kumbukumbu. Ukifungua ukurasa wa kwanza kisha wa pili, kwake ni kama wamekuja watu wawili tofauti. Kwa hiyo seva ikapewa njia ya kukuachia kijistari cha maandishi, kisichozidi KB 4 hivi. Kivinjari chako, yaani programu unayofungulia tovuti kama Chrome, kinakitunza, na kila unaporudi kwenye tovuti ile kinakirudisha. Ni kama pale kwenye kibanda cha kuchaji simu: unaacha simu, unapewa kibati chenye namba, ukirudi unaonyesha kibati na mwenye kibanda anajua cha kukupa. Bila kibati hicho usingeweza kuingia kwenye akaunti yako wala kujaza fomu ya kurasa tano bila kuanza upya kila ukurasa. Kwa kibati cha namna hiyo hakuna haja ya kuniomba ruhusa, na naomba mwongozo wenu usiwasumbue watu kwa hilo.

Sasa chukueni ukurasa wa habari wa kawaida, tuseme habari ya bei ya sangara hapa Kirumba Mwaloni. Unadhani umefungua tovuti moja. Lakini tangazo la pembeni linaletwa na seva ya kampuni ya matangazo, video inaletwa na seva nyingine, kitufe cha kupenda kina kwao, na hesabu ya wageni inawekwa na kampuni nyingine tena. Kila mmoja wa hao, ambaye hukumwendea wala hukujua yupo, anaweza kukupa kibati chake. Kesho ukifungua tovuti ya ushauri wa kisukari ambako kampuni ileile ya matangazo imeweka mkono wake, namba yako inakwenda nayo. Hapo wanajua kwamba aliyesoma bei ya sangara jana ndiye anayesoma habari za sukari leo. Jina lako hawanalo, na kwa kazi yao hawalihitaji. Ni kama vile vibanda vyote kuanzia Igoma hadi Kirumba vinamwandikia bosi mmoja kwamba namba fulani imepita hapa saa fulani, na ilikuwa inatafuta nini.

Nimeisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ambayo ndiyo iliyowazaa ninyi mliozinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Mimi si mwanasheria, ila kusoma najua. Katika kueleza taarifa binafsi ni nini, sheria inataja pia namba au alama yoyote ya utambulisho aliyopewa mtu. Kidakuzi cha kufuatilia ni nini kama si hicho? Sheria hiyohiyo inampa mhusika haki ya kumzuia mkusanyaji asitumie taarifa zake kwa matangazo ya biashara, na Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Haki ninayo; kitufe ndicho sina.

Wenzetu wa Ulaya wamelipitia hili kwa muda mrefu. Walianza na agizo la mwaka 2002, wakalirekebisha 2009 ili kidakuzi kisichokuwa cha lazima kiombewe ridhaa. Wenye tovuti wakaitikia kwa namna yao: intaneti ikajaa vidirisha vya kukubali. Mwaka 2018 ikaja kanuni kali zaidi ya ulinzi wa taarifa. Tarehe 1 Oktoba 2019, mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la kampuni ya Planet49 ya Ujerumani, ikasema kisanduku kilichokwisha kuwekewa tiki kabla mtu hajagusa hakihesabiwi kuwa ridhaa. Na Januari 2022 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ufaransa, CNIL, ikatangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook. Angalieni sababu: pa kukatalia palikuwepo, lakini kukubali kulikuwa mbonyezo mmoja na kukataa kulikuwa mibonyezo kadhaa.

Ninachokiogopa ni sisi kuiga kidirisha na kuiacha faini. Tayari naona tovuti za hapahapa nyumbani zimenakili maneno ya vidakuzi kutoka huko bila kunakili wajibu unaoandamana nayo. Kuna yenye kitufe cha "Kubali" ambacho nina mashaka kama kimeunganishwa na kitu chochote, maana vidakuzi vilishaingia kabla sijakigusa. Jambo hilo kulithibitisha ni rahisi. Fungua zana za mtengeneza tovuti zilizomo ndani ya Chrome au Firefox ya kompyuta, tazama orodha ya vidakuzi, halafu pakia ukurasa na ukae bila kubonyeza chochote. Ofisa wenu mmoja akipewa asubuhi moja na orodha ya tovuti, atajua nani anadanganya.

Niseme jingine ambalo halizungumzwi, kwa sababu wanaoandika habari za vidakuzi wengi wana vifaa vyao wenyewe. Huku kwetu kifaa ni cha watu wengi.

Kijana alivuka kutoka Sengerema kuja kuomba kazi kwenye tovuti moja ambayo siitaji. Alijaza kila kitu, akaambatanisha vyeti, akabonyeza alama ya X pembeni, akalipa, akaondoka. Akaketi dada mmoja kwenye kiti kilekile, akafungua tovuti ileile, ikampokea kwa jina la yule kijana. Namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa, majina ya wadhamini, vyeti, vyote viko mbele yake. "Kaka, njoo, huyu ni nani?" Bahati yake kijana, dada alikuwa muungwana. Hakuna aliyedukua kitu hapo. Kidakuzi kilikuwa kinafanya kazi kiliyotumwa: waliokitengeneza walikipa maisha marefu, kwa hiyo kufunga dirisha hakukumtoa mtu kwenye akaunti. Na hata vile vidakuzi vya muda, vinavyotakiwa kufa kivinjari kinapofungwa, vinaweza kubaki hai kama kivinjari kimewekwa kiendelee pale kilipoishia. Kwenye simu ndiyo kabisa, kwani nani anafunga kivinjari cha simu?

Siku hizi kompyuta zangu zimewekwa zifute vidakuzi kila kivinjari kinapofungwa, na juu ya kila moja nimebandika karatasi: TOKA KWENYE AKAUNTI KWANZA, HALAFU FUNGA. Lakini siwezi kubandika karatasi kwenye kila steshenari ya Buzuruga, Mkolani na Nansio. Dawa iko kwa mwenye tovuti. Mtu akikaa kimya kwa dakika kadhaa kwenye akaunti yenye vyeti na namba za kitambulisho, atolewe. Kitufe cha kutoka kiwekwe mahali kinapoonekana, si ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu. Kile kisanduku cha "Nikumbuke" kisiwe na tiki tayari, na pembeni yake paulizwe kwa Kiswahili kama kompyuta hii ni yako au ni ya watu wengi. Kwa maofisa TEHAMA naongeza tu kwamba zile alama tatu za kidakuzi, Secure, HttpOnly na SameSite, hazigharimu hata senti. Ya kwanza inahakikisha kidakuzi kinasafiri kwa njia iliyofichwa tu, ya pili inakificha kwa programu zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, ya tatu inabana kisitumwe ombi linapoanzia kwenye tovuti nyingine. Kidakuzi cha kuingilia akaunti ya umma kisichokuwa nazo ni uzembe.

Simu za familia nazo zina lao. Nyumba ngapi huku visiwani zina simu janja moja, ya mama, ambayo binti anaiazima jioni? Binti akisoma kuhusu uzazi wa mpango au dalili za ugonjwa ambao hajamwambia mtu, matangazo ya mambo hayohayo yanaweza kumfuata kwenye simu ile hadi baba anapofungua habari za ligi. Sheria yetu inazitaja taarifa za watoto kuwa nyeti. Basi tovuti za shule na za afya ndizo zingepaswa kuwa za kwanza kuwatoa wafuatiliaji wa nje, bila hata ya kidirisha. Na hapa ndipo natofautiana na wanaotaka kila tovuti iweke kidirisha: tovuti ya halmashauri, ya hospitali au ya shule haina biashara ya kuuza matangazo, kwa hiyo haina sababu ya kuwa na cha kuomba. Kuhesabu wageni inaweza kuhesabu kwenye seva yake yenyewe. Tovuti isiyokuwa na kidakuzi zaidi ya vile vya lazima haihitaji kumuuliza mtu lolote, na mimi ningeipenda zaidi hiyo kuliko yenye kidirisha kizuri.

Bado kuna bando. Programu za wafuatiliaji zinapakuliwa kwa MB zetu. Mchuuzi wa dagaa anayenunua kifurushi cha siku ili aangalie bei analipia mwenyewe gharama ya kufuatiliwa.

Najua mtaniambia watu wajifunze kujilinda. Nawafundisha, tena bure. Kwenye Chrome ya simu: nukta tatu za juu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, kisha sehemu ya vidakuzi vya tovuti nyingine, hapo unachagua kuvizuia. Usizuie vyote kabisa, maana hata akaunti yako haitafunguka. Kwa simu ya kuazima, tumia hali fiche (Incognito) na ufunge madirisha yake yote ukimaliza; itafuta vidakuzi vya kipindi kile, ingawa haikufichi kwa tovuti yenyewe wala kwa mtandao unaokuuzia bando. Kama umeshatumia dirisha la kawaida, nenda "Futa data ya kuvinjari" uchague vidakuzi. Na ukifungua linki ukiwa ndani ya Facebook, ujue hicho ni kivinjari kingine kilichomo ndani ya Facebook, chenye vidakuzi vyake. Kufuta vya Chrome hakuvigusi.

Lakini tazameni jinsi mzigo huu ulivyopangwa. Safari, kivinjari cha Apple, inazuia vidakuzi vyote vya nje, yaani vya tovuti nyingine, bila kuambiwa tangu Machi 2020. Firefox ya kompyuta tangu 2022 inaviwekea kila tovuti chungu chake, visiweze kukutambua ukihama. Chrome, ambayo ndiyo iliyomo kwenye simu nyingi zinazoletwa dukani kwangu, inaviruhusu katika dirisha la kawaida mpaka uvizuie mwenyewe. Google walisema Januari 2020 kwamba wataviondoa ndani ya miaka miwili, wakasogeza tarehe, wakasogeza tena, na Julai 2024 wakaliacha lile wazo. Kwa maneno mengine mwenye simu ya bei kubwa amelindwa akiwa amelala, na mwenye simu ya bei ya chini anatakiwa apite kwenye menyu nne.

Kuna na hili la kuchekesha. Ukikataa, kukataa kwako nako kunaandikwa kwenye kidakuzi. Kwa hiyo mtu makini anayefuta vidakuzi kila wiki ndiye anayesumbuliwa na vidirisha kila wiki, na aliyekubali yote anaachwa astarehe. Baadhi ya tovuti zinakumbuka "ndiyo" yako kwa miezi mingi na kuisahau "hapana" yako kesho yake. Chrome yenyewe haikubali kidakuzi kiishi zaidi ya siku 400, basi mwongozo wenu unaweza kusema "hapana" iishi muda uleule ambao "ndiyo" inapewa, na kila ukurasa uwe na mahali chini pa kubadilishia mawazo.

Tena kufuta vidakuzi hakumalizi kila kitu. Tovuti inaweza kukutambua kwa kujumlisha ukubwa wa skrini, aina ya simu, lugha na aina za herufi (fonti) zilizomo, bila kukuachia chochote cha kufuta. Ndiyo maana mwongozo ukiandikwa usitaje vidakuzi peke yake. Utaje kufuatilia, kwa njia yoyote ile, la sivyo watahamia huko kabla wino haujakauka.

Wenye vyombo vya habari vidogo watalalamika kwamba matangazo ndiyo yanawalisha. Ni kweli, na sitaki wafe njaa. Lakini tangazo halihitaji kunijua mimi. Mwenye duka la nyavu na injini za boti anaweza kuweka tangazo lake kwenye ukurasa wa bei ya samaki kwa sababu ni ukurasa wa samaki, kama alivyokuwa akitangaza redioni kwenye kipindi cha wavuvi. Hapo hapatakiwi kibati cha mtu.

Mkitaka kupima rasimu yenu kabla ya kuitoa, msiipime kwenye kompyuta za ofisini Dodoma. Chukueni simu ya bei nafuu yenye skrini iliyopasuka kidogo, mpeni muuza mitumba wa Makoroboi, mwambieni akatae vidakuzi kwenye tovuti yoyote, na msimsaidie. Akishindwa, rudini mkaandike upya. Lugha nayo ipimwe kwa yeye: "Tunataka kukufuatilia ukiwa kwenye tovuti nyingine ili tukuonyeshe matangazo. Ndiyo. Hapana." Yanatosha hayo. "Kuboresha uzoefu wako" halimwambii mtu kitu.

Mwongozo utachukua muda, nalielewa hilo, kuna vikao, kuna wadau. Tovuti za umma hazina haja ya kuusubiri. Barua moja kutoka kwenu na kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao kwenda kwa maofisa TEHAMA wa halmashauri, hospitali na vyuo inaweza kuwaambia waondoe wafuatiliaji wa nje, wafupishe muda wa akaunti kukaa wazi, na waandike kwa Kiswahili ni vidakuzi gani vimebaki na vinakaa muda gani. Naomba mwanze na yenu wenyewe, kisha ya Jiji la Mwanza na ya Manispaa ya Ilemela, ili sisi wa huku tuweze kuwahakiki.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari,
Nyegezi, Mwanza